Kibao cha Kukatia: Ununue, Uchongeshe, au Uendelee na Kiganja?

Nyumbani kwetu Kumsenga, wilayani Kibondo, kibao cha kukatia hakikuwapo. Mama alikatia kitunguu kiganjani, kisu kikija taratibu kuelekea dole gumba, vipande vikidondoka moja kwa moja kwenye sufuria ya maharage. Nyama ya sikukuu ilikatiwa juu ya kipande cha gogo nje ya jiko, na sombe, yaani kisamvu, ilitwangwa kwenye kinu. Hakuna aliyeona kuna pengo.

Kibao changu cha kwanza cha maana nilikinunua ukubwani, Februari ya mwaka jana, kwa fundi mmoja wa mjini. Kilikuwa kimeungwa kwa vipande vidogo vya mninga na mkora kama ubao wa drafti, kahawia kwa njano, kizito, kinang'aa mafuta. Nilikisifia kwa kila mgeni. Kufika Julai, katikati ya kiangazi, kikapiga ufa kutoka ukingo mmoja hadi karibu na wa pili. Niliuona ufa wenyewe nilipokuwa naosha: mbegu za nyanya zilikuwa zimejipanga humo ndani kama zimepandwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza mafundi, nikipima vipande na kupiga hesabu. Jibu nililofikia ni hili: mbao ngumu yenyewe ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kibao cha aina ile. Unacholipia ni ukavu wa mbao, gundi na saa za fundi. Anayejua hilo hununua vizuri, au huamua kutonunua kabisa na akabaki salama.

Nyuzi zilizosimama na nyuzi zilizolala

Mti una nyuzi zinazokwenda juu, kutoka mzizini hadi matawini. Ukipasua mbao kwa urefu, nyuzi hulala. Huo ndio uso tunaouona kwenye meza na milango. Ukikata mbao kwa kukingama, utaona vichwa vya nyuzi. Chukua vipande vingi vilivyokatwa hivyo, visimamishe, viunge ubavu kwa ubavu, nawe umepata kibao cha nyuzi zilizosimama.

Tofauti yake huonekana kisu kinaposhuka. Fikiria mzigo wa nyasi za kuezekea uliofungwa ukasimamishwa. Ukichoma panga kutoka juu, linapenya kati ya nyasi, na ukilitoa nyasi zinarudiana. Ukiulaza mzigo uleule na kuupiga kwa juu, unakata nyasi zenyewe, na alama inabaki. Kwenye nyuzi zilizosimama kisu hupata njia, hakiwi butu upesi, na mikwaruzo haiwi mirefu. Kwenye nyuzi zilizolala kila pigo linakata kitu, na baada ya muda katikati ya kibao pananyonyoka.

Elimu hii haikuletwa na meli. Kinu kilichongwa kutoka kwenye gogo lililosimama, ili mchi upige vichwa vya nyuzi. Gogo la bucha nalo limesimama vilevile, shoka likishuka siku nzima bila gogo kupasuka vipande viwili. Ambacho wazee hawakuwa nacho ni gundi ya kuunganisha vipande vidogo, na ndiyo maana kinu kilidai mti mzima.

Yaliyopo sokoni

Mtu wa Kibondo au Kasulu anayetaka mahali pa kukatia ana njia sita hivi. Tuzipitie kwa sifa na kasoro zake kabla ya kugusa pesa.

*Kiganja.* Hakina bei. Kinafaa kwa kitunguu, nyanya na nyanya chungu za watu wanne. Hakifai kwa kabichi la kilo tatu wala kuku, na ukiwa na haraka kinatoka damu.

*Kipande cha gogo.* Mtu anakata duara la mti, analipiga msasa, anaanza kulitumia. Nyuzi zimesimama, ni kweli, na kisu kinalipenda. Lakini mti ukikauka husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo duara zima lazima lipasuke mahali fulani, kwa kawaida kutoka moyoni hadi ganda. Utapata miezi michache ya raha, kisha ufa wa kabari. Ni kwa sababu hiyo mafundi huunga vipande vidogo.

*Plastiki.* Ni nyepesi, hainywi maji, na unaweza kuiloweka kwenye maji ya moto au ya klorini. Ikiwa mpya ni safi kweli. Tatizo huja ikishakwaruzwa: makovu yanashika mafuta na punje za nyama, na plastiki hairandiki. Siku yake ya mwisho ni jalalani.

*Kioo au marumaru.* Inapendeza, inaoshwa kirahisi, na inaua makali ya kisu kwa wiki moja. Iache ikae mezani chini ya sufuria ya moto.

*Ubao mmoja wa mbao ngumu.* Fundi anakata kipande cha mninga au mkora, anaranda, anatoboa tundu la kutundikia. Nyuzi zimelala, kwa hiyo kitakwaruzika, lakini hakina maungio ya kuachia, na kikichakaa unakirudisha kwa fundi akipige randa ya dakika kumi.

*Kibao cha kuungwa, nyuzi zimesimama.* Ndicho kile kilichonipasukia. Kikitengenezwa sawasawa kinavishinda vyote kwa kisu na kwa umri. Kikitengenezwa ovyo, ni kuni za bei mbaya.

Je, mbao ni uchafu?

Kuna wanaoamini plastiki ndiyo usafi na mbao ni maficho ya vijidudu. Hata Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa miaka mingi iliwashauri wapishi watumie plastiki. Kisha mwaka 1994 watafiti Nese Ak, Dean Cliver na Charles Kaspar wakachapisha majaribio yao: walimwaga bakteria juu ya vibao vya mbao na vya plastiki, wakafuatilia kilichotokea. Juu ya mbao bakteria walivutwa chini ndani ya nyuzi na hawakurudi juu kirahisi. Kwenye plastiki mpya walioshwa vizuri, lakini kwenye plastiki iliyokwaruzwa kwa kisu, hasa yenye mafuta ya kuku, kuosha kwa mkono hakukuwatoa wote.

Hiyo si ruhusa ya kuzembea. Kibao cha mbao huoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara tu baada ya kazi, kikafutwa, kikasimamishwa kwa ukingo ili hewa ipite pande zote mbili. Kisilazwe kikiwa kimelowa, wala kisiachwe ndani ya beseni usiku kucha. Na kama mfuko unaruhusu, tenga kibao cha nyama mbichi, migebuka na dagaa, na kingine cha mboga na matunda. Hapo ndipo plastiki ya bei nafuu inapata kazi yake halali, kwa kuwa ya nyama unaweza kuiloweka kwenye klorini bila huruma.

Kwa wenye bucha mambo ni tofauti. Bodi ya Nyama ya Tanzania, iliyozaliwa na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, imekuwa ikiwahimiza waachane na gogo na shoka watumie msumeno wa umeme. Shoka hutawanya vipande vya mifupa, na gogo lenye nyufa halioshwi likatakata. Kibao cha kuungwa hakitamwokoa mwenye bucha anayepasua mifupa. Ni cha kisu, hakikuumbiwa shoka.

Mabaki yanakopatikana, na bei yake ya kweli

Karakana za Kasulu na Kibondo hutengeneza milango, fremu, vitanda na makabati. Kila fremu ya mbili kwa nne na kila mlango wa mbili kwa sita huacha vipande vya futi moja, futi moja na nusu, visivyotosha kitu kingine. Kwa watu wa mijini huko mbali hayo yangeitwa taka. Kwetu ni kuni. Pembeni mwa karakana kuna mwanamke amekuja na gunia, na anayepika kwa kuni za mninga anapata moto mzuri kuliko wa mkaratusi. Wilaya hizi zimebeba pia mahitaji ya kuni ya makambi ya wakimbizi, Nyarugusu upande wa Kasulu tangu 1996 na Nduta upande wa Kibondo. Kwa hiyo usitegemee kupewa bure. Lipa bei ya gunia la kuni, kisha ongeza kidogo ili uruhusiwe kuchagua.

Kuchagua ndiko kunakohitaji macho. Nimeorodhesha mbao ninazokutana nazo:

*Mninga.* Ndio mfalme wa fenicha zetu. Mita moja ya ujazo ikiwa kavu ina kama kilo 640, hivyo si mzito mno. Unatulia ukikauka, hauchezi sana na majira, na unarandika vizuri. Utomvu wake mwekundu kama damu ni wa mti mbichi. Mbao kavu haisumbui. Vumbi lake huwasha pua, kwa hiyo funga kitambaa.

*Mkora*, ambao wengine huuita mkongo. Mzito zaidi, karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo, mgumu, na hautikisiki na majira. Kwa kibao, huu unaushinda hata mninga, ila utachosha msumeno wako.

*Mkurungu.* Ni ndugu wa mninga, mwekundu kuvutia macho. Jina lake la kitaalamu, *Pterocarpus tinctorius*, linabeba neno la kutia rangi, na mti huu kweli hutia rangi. Kitunguu cheupe kinaweza kuondoka juu yake kimechukua wekundu. Tena tangu 2019 biashara yake ya kuvuka mipaka iko chini ya vibali vya mkataba wa CITES. Uweke kwenye fremu ya picha.

*Mvule.* Mzuri na mvumilivu wa maji. Lakini mara nyingine hubeba ndani yake jiwe la chokaa, gumu kama kokoto, lisiloonekana hadi meno ya msumeno yalikute. Fundi anayekukatia kwa mashine yake atakudai meno.

*Mtiki.* Una mafuta yake ya asili na unastahimili maji. Nao una chembe za silika ambazo hupunguza makali ya kisu na ya randa.

*Mgrevilea, msonobari na mkaratusi mchanga.* Iache. Ni laini au haitulii, na ukiichanganya na mkora itachakaa mapema na kuacha mabonde.

Mbao za kukataa hata ukipewa bure ni hizi: zilizopakwa rangi au vanishi, nguzo za kijani zilizopigwa dawa ya mchwa, na mbao za kubandikwa za viwandani. Kwa mbao za palati za kubebea mizigo, tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake zimetibiwa kwa joto. Herufi MB maana yake ni gesi ya methili bromaidi, na mbao hiyo haikanyagi jikoni. Mwisho, uliza kama karakana inanunua mbao zenye alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mabaki ya mti wa wizi ni mali ya wizi pia.

Mbao tatu za futi moja na nusu

Sasa tukifanye kibao kimoja kwa kalamu, ili ujue unachonunua. Lengo: sentimita 40 kwa 30, unene sentimita 4.

Unahitaji vipande vitatu vya inchi mbili kwa sita, kila kimoja sentimita 45. Vipasue kwa urefu upate fito kumi za upana wa sentimita 3.5. Randa kila fito hadi upana wa 3 na unene wa 4.5. Ziunge ubavu kwa ubavu, upate bapa la upana wa sentimita 30. Likikauka, likate kwa kukingama upate vipande tisa vya sentimita 4 na ushee. Kila kimoja kigeuze kichwa kiangalie juu, kisha viunge tena. Tisa mara ule unene wa 4.5 ni sentimita 40 na nusu. Umepata viraba 90.

Hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Gundi haishiki vizuri kichwa kwa kichwa, kwa sababu nyuzi huinywa. Lakini katika kibao hiki maungio yote ni ubavu kwa ubavu, mara ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana kikifanywa sawasawa ungio huwa imara kuliko mbao yenyewe.

Angalia pia kinachopotea. Fito kumi zikiwa bado hazijarandwa zina sentimita za ujazo 7,875. Kibao kikiisha kina 4,860. Zaidi ya theluthi imekuwa maranda na unga wa msumeno. Kilichobaki, kikiwa mninga, kina uzito wa kilo 3 hivi. Kikiwa mkora, karibu kilo 4. Kibao cha ukubwa huo chenye kilo mbili kimetengenezwa kwa mti mwingine kuliko uliotajiwa.

Maungio yote yana eneo la robo mita ya mraba na kidogo. Gundi itakayotumika, pamoja na inayovuja pembeni, haifiki gramu 100. Kopo la nusu kilo linatosha vibao vitano. Shika hiyo tano, tutairudia.

Hesabu ya pesa

Bei hupanda na kushuka na barabara, mvua na umeme. Kwa hiyo namba zinazofuata ni za mfano tu. Zifute, andika za siku utakayokwenda sokoni; mpangilio wa hesabu ndio wa kubaki nao.

Tuseme plastiki ni shilingi 8,000, ubao mmoja wa mninga ni 10,000, na kibao cha kuungwa kwa fundi ni 45,000. Ukibadilisha plastiki kila mwaka, kibao cha kuungwa kitarudisha pesa yake mwaka wa sita. Ukiuranda ubao wa mninga kila baada ya miaka miwili kwa shilingi 1,000, baada ya miaka kumi utakuwa umetumia shilingi 15,000 hivi. Kwa nyumba ya kawaida, ubao mmoja umeshinda, na umeshinda kwa mbali.

Sasa tuseme unakitengeneza mwenyewe. Kibao kimoja: mabaki 4,000, kopo la gundi 10,000, msasa 4,000, mafuta na nta 6,000, kukodi msumeno wa meza 5,000. Jumla 29,000, na bado hujajilipa. Nguvu zote hizo kwa nafuu ya shilingi 16,000.

Vibao vitano kwa mkupuo: mabaki 20,000, kopo lilelile la gundi 10,000, msasa 15,000, mafuta na nta 12,000, mashine 15,000. Jumla 72,000, yaani 14,400 kwa kibao. Hapo bei imekaribia ubao mmoja, na kitu ulichonacho ni bora mara kadhaa. Majirani watano wakichanga, au kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kikiagiza kwa pamoja, fundi naye anapata sababu ya kushusha bei: mashine anaiweka mara moja, gundi anafungua kopo moja, na usiku wa kusubiri ikauke ni uleule kwa kibao kimoja au vitano.

Usiku huo wa kusubiri haurukiki. Kibao hiki kinahitaji siku tatu: ya kwanza kupasua na kuunga, ya pili kukata na kuunga tena, ya tatu kuranda, msasa na mafuta. Saa za mkono hazizidi sita au saba kwa mwenye mashine. Kwa miaka mingi wilaya hizi ziliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na fundi wa msumeno wa mkono bado yupo. Naye anaweza kuifanya, ila fito zisiponyooka gundi itageuzwa kiziba pengo. Vijana wanaofundishwa useremala katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, Kasulu na Kibondo, wangeweza kukichukulia kibao hiki kama mtihani: kosa la nusu milimita linaonekana mara 90.

Gundi na mafuta

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikikaa na maji. Soma kopo. Tafuta herufi D3 au, bora zaidi, D4. Hivyo ni viwango vya Ulaya vya kustahimili unyevu. Kama kopo halisemi chochote, chukulia kuwa halistahimili. Fundi akikuambia gundi zote ni sawa, muulize angeitumia kuunga mlango wa bafu.

Kwa mafuta, usitumie ya kupikia. Mawese na alizeti hayakauki ndani ya mbao. Huchacha, na baada ya mwezi kibao kinanuka kuliko samaki aliyekatiwa juu yake. Kinachotakiwa ni parafini ya maji inayouzwa duka la dawa, ile isiyo na rangi wala harufu, inayonywewa na wenye choo kigumu. Sisitiza hilo dukani, kwa sababu wapo wanaosikia parafini wakaleta mafuta ya taa, na hayo ni sumu.

Nta haihitaji safari. Nchi ya Kibondo na Kasulu ni nchi ya mizinga, na warina asali wanayo nta ya kuuza. Pima sehemu moja ya nta kwa nne za parafini, weka kwenye sufuria ndogo iliyo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo haihitaji moto wa moja kwa moja. Paka parafini tupu kwanza. Vichwa vya nyuzi vinakunywa kama mchanga. Utapaka asubuhi na jioni ukakikuta kimekauka. Kikiacha kunywa, maliza kwa mchanganyiko wa nta, pande zote mbili na kingo zote. Upande mmoja ukiachwa mkavu, kibao hujipinda.

Jinsi ya kukikagua kabla ya kulipa

Nilimpelekea fundi mwingine, mzee wa Kasulu, kile kibao changu chenye ufa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwalimu. Nani amekuuzia huyu mgonjwa?"

Alikigeuza, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakiinua kuelekea mlangoni kwenye jua. Mstari mwembamba wa mwanga ukapita katika maungio mawili ambayo sikuwa nimeyashuku.

"Mbao hii iliungwa ikiwa bado inakunywa maji," akasema. "Ulinunua masika?"

Nilinunua masika. Nyanda hizi hupata mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Mbao iliyoungwa hewa ikiwa na unyevu husinyaa kiangazi kikija, na kwa kuwa nyuzi zimesimama, kibao hiki hucheza kwa upana na kwa urefu, si upande mmoja kama ubao wa kawaida. Kisipopata pa kwenda, kinapasuka.

Kwa hiyo fanya alivyofanya yeye. Kiinue kwenye jua utafute mwanga. Gonga kila pembe usikilize mlio. Wa kufifia ni ungio lililoachia. Pitisha ukucha juu ya maungio; unga wa msumeno uliochanganywa na gundi kuziba pengo una rangi moja iliyopauka, hauna vitundu vya nyuzi. Tazama kama kuna miguu au pembe za kukiinua, ili chini pakauke. Uliza mbao zilikauka muda gani. Jibu zuri lina miezi na mahali: kivulini, zimepangwa kwa vijiti katikati. Kama unajitengenezea, pima vipande vyako kwenye mizani ya duka kila wiki. Siku uzito utakapoacha kupungua, zimekauka.

Kosa jingine la kuepuka ni kukipitisha kibao kilichoungwa kwenye mashine ya randa. Meno hunasa vichwa vya nyuzi na kurusha vipande. Hapo ni randa ya mkono yenye makali, kisha msasa namba 80, 120 na 180, na jasho.

Nani achukue nini

Anayepikia watu watano, mboga za majani, nyanya na samaki mara moja moja: ubao mmoja wa mninga au mkora, unene usiopungua sentimita 2.5, na plastiki ndogo ya nyama. Huna sababu ya kutumia zaidi.

Mama lishe, mwenye mgahawa, mpishi wa shule, mtu anayekata kabichi na nyama saa tatu mfululizo kila siku: kibao cha kuungwa, kwa gundi ya D4, kilichonunuliwa kiangazi. Kwake kisu kinachokaa na makali ni muda, na muda ni sahani zilizouzwa.

Anayetaka zawadi ya harusi: chagua kile cha kuungwa, lakini mpe pamoja na kichupa cha parafini na kipande cha nta, vinginevyo umempa mtu kazi asiyoijua.

Na aliyezoea kiganja, aendelee. Mama yangu nilimpelekea ubao wa mninga mwaka huu. Anausifia, anaulaza juu ya mtungi wa maji uwe kifuniko, na kitunguu bado anakatia mkononi.

Kuhusu mgonjwa wangu, yule mzee alikipasua kwa msumeno kufuata ufa wenyewe, akaranda pande mbili, akaziunga upya kwa gundi nzuri na kukirudisha baada ya siku mbili. Kimepungua sentimita tatu na mchoro wa drafti haukutani tena mahali pamoja. Alikataa kunitoza kwa saa zake, akachukua pesa ya gundi tu, na kuniambia nisimsifie kwa mtu kabla Julai haijapita.

Nimekitumia masika yote. Mvua za mwisho zimekatika wiki iliyopita.